Besi Yangu Bila Mimi

Jumapili, 9 Machi

Mvua imefungua msimu leo mchana, tena bila adabu, katikati ya wimbo wa pili. Paa la ukumbi ni bati tupu, halina dari, kwa hiyo matone ya kwanza yakidondoka kila mtu anatazama juu, na yakishakolea hakuna anayemsikia mwenzake. Sauti, binti anayetuimbia, alifungua mdomo na kuufunga, nami niliyesimama karibu naye sikupata hata neno. Mjomba akaongeza nguvu kwenye ngoma, mimi nikaongeza besi, Shavu akapuliza tarumbeta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na Kaka akageuka na gitaa lake akatucheka sote. Wateja walisogeza meza mbali na sehemu zinazovuja wakaendelea kucheza. Wahudumu wakapita na ndoo.

Nilifurahi. Kuna siku kazi hii inachosha, lakini leo hapana. Tulipofika kwenye sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji anapumzika na magitaa yanafanya kazi, Kaka aliinua shingo ya gitaa lake kunielekea. Shingo ikiinuka maana yake turudie, ikishuka, tumalize. Bendi nzima inanifuata mimi, na mimi namfuata yeye. Leo aliinua, akainua, akainua tena, mpaka mama mmoja mnene akavua viatu na kuvikabidhi kwa mumewe.

Meneja alikuwa mlangoni, mikono nyuma, anatazama viti vitupu. Yule hata ukimfikisha peponi atauliza nani analipia umeme.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi, au tuseme kupigiana kelele na bati. Kaka ametoa wazo. Anasema kwa mvua hii hatusikii makosa yetu, na makosa yapo. Stoo ya nyuma ya jukwaa ina magodoro ya zamani. Tuyaegemeze ukutani, kila mtu aingie peke yake, apige sehemu yake wimbo mmoja mmoja, fundi mitambo arekodi. Halafu tutakaa pamoja tusikilize, kila mtu aoneshwe anapoteleza.

"Yaani mtihani wa mdomo," Shavu akasema.

"Wako utakuwa wa mashavu," Mjomba akamjibu, kisha akamgeukia Kaka. "Ila mimi na umri huu nikafungiwe stoo na magodoro? Kwani nimeiba kuku wa nani?"

"Mjomba, ni kwa faida yetu sote."

"Faida yangu mimi ni kusikia besi. Bila besi napiga nini?"

Mjomba si mjomba wa mtu yeyote kati yetu. Ni mpiga ngoma mkongwe kuliko ukumbi wenyewe, na jina hilo ni heshima. Mimi ndiye niliyemjibu kabla ya Kaka. Nikasema wazo ni zuri, tujaribu. Kaka akianza kusema jambo mimi huwa nimeshakubali kabla hajamaliza. Baba alipofariki nilikuwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Yeye akaacha masomo akaenda kubeba vyombo vya bendi za watu ili mimi niendelee. Gitaa la besi alinipa yeye. Vidole vyangu aliviweka yeye kwenye nyuzi, kimoja kimoja, jioni baada ya jioni. Mtu wa namna hiyo humuulizi maswali.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nguo za Mama zimekaa kwenye kamba ndani tangu juzi. Sasa zinanuka kuliko kabla sijazifua.

Jumanne, 18 Machi

Leo ilikuwa zamu yangu stoo. Chumba kinanuka vumbi na panya, lakini ukifunga mlango mvua inapotea kabisa. Fundi mitambo alinivisha vipokea sauti masikioni, nikasikia gitaa la Kaka alilorekodi jana. Peke yake tu, halina mtu pembeni. Nililionea huruma.

Kwenye nyimbo hakukuwa na shida. Shida ilikuja kwenye sebene, maana Kaka hakuwa amelirekodi.

"Nirudie mara ngapi?" niliuliza. Sijawahi kujua. Mimi naangalia shingo ya gitaa tu.

Fundi mitambo akapandisha mabega. Kaka akachungulia mlangoni. "Fanya kama nimesimama mbele yako."

Nikafumba macho nikamsimamisha mbele yangu. Kila alipoinua nilirudia, aliposhusha nikamaliza. Nilipotoka jasho linanitiririka, Kaka akanishika bega. "Mdogo wangu, hujawahi kupiga hivi."

Nimetembea mpaka kituoni na mwavuli mkononi bila kuufungua, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 20 Machi

Mjomba aligoma. Aliingia stoo, akakaa, akagonga kidogo, akatoka. Anasema vile vipokea sauti vinamfanya ajione kama yuko hospitali. Akaingia tena, akatoka tena. Kaka akaanza kukunja uso, na Mjomba akikunjiwa uso naye hukunja mara mbili.

Nikasema niachieni. Nikaingia naye ndani, tukavua vile vidude, nikakaa kwenye kreti karibu na sikio lake nikamwimbia besi kwa mdomo, polepole, tum, tu-tum, wimbo baada ya wimbo, na kwenye sebene nikawa namgusa goti pa kurudia na pa kumalizia, kama nilivyopiga juzi. Akapiga zote. Alipiga vizuri mpaka fundi mitambo akaacha kutafuna karanga zake.

"Ni wewe tu," Mjomba akaniambia akijifuta uso. "Angekuwa mwingine nisingekubali."

Kaka alinishukuru kwa macho. Nilijiona nimefanya jambo kubwa sana.

Jumapili, 23 Machi

Watu wachache, mvua nyingi. Tulipiga vizuri. Meneja alimwita Kaka ofisini, akatoka anapangusa gitaa ambalo halikuwa na vumbi.

Jumanne, 25 Machi

Nimeuliza ni lini tutasikiliza zile rekodi. Kaka anasema fundi bado anazisafisha. Sauti alikuwa amekaa pembeni anachezea simu. Nilipomwambia viatu vyake vipya vimempendeza akasema asante bila kunitazama. Huyu mtoto ana nini siku hizi?

Jumatatu, 31 Machi

Kaka ametukusanya. Ukumbi unafungwa paa litengenezwe, meneja amekubali hatimaye. Mpaka mvua zipungue, sote tupumzike nyumbani. Shavu akapiga makofi akamwombea meneja maisha marefu. Mjomba akauliza vyombo vyake vitakaa wapi. Kaka akasema stoo, kwenye yale magodoro, havitapata hata baridi. Tukacheka. Sauti hakucheka.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili ya kwanza ya kukaa nyumbani. Mama anasema nisiendelee kugonga meza kwa vidole, nampa kizunguzungu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka hajaja kumwona Mama. Tangu nikumbuke, wiki haipiti bila yeye kukaa kwenye kile kiti cha dirishani na kulalamikia chai yangu. Nimempigia, hakupokea. Mama anasema, "Mwache, ana mambo mengi." Nikauliza mambo gani na ukumbi umefungwa. Mama akaniambia nikaangalie sufuria.

Jumatano, 16 Aprili

Shavu kanipigia. "Dada, nasikia ukumbi uko wazi."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Wanasema Jumapili kulikuwa na muziki."

Nikampandishia sauti. Nikamwambia aache maneno ya vijiweni, kwamba Kaka angekuwa mtu wa kutuficha ningekuwa wa kwanza kujua, kwamba yeye hawezi kumjua ndugu yangu kuliko mimi. Akasema, "Sawa, dada. Wewe ndiye unayejua." Halafu akakata.

Nikampigia Kaka, safari hii akapokea. Anasema mafundi wako upande mmoja, na upande mwingine meneja anawawekea wateja muziki wa mashine kidogo wasihame moja kwa moja. Basi nikajua Shavu kasikia hayo, akayatia chumvi. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nilivuka mji kwenda kwa fundi anayenitengenezea gitaa, maana ufunguo wa uzi mmoja umelegea. Njiani nikapita kwa mama muuza nyanya, yule ambaye kibanda chake kinagusana na ukuta wa nyuma wa ukumbi. Alinikaribisha kwa shangwe.

"Jana ulitisha, mwanangu! Nilikuwa nafunga biashara nikashindwa kuondoka."

"Jana mimi nilikuwa nyumbani, mama."

"Nyumbani wapi? Nimekusikia kwa masikio yangu. Mwingine wa kupiga vile namtoa wapi?"

Nikasema labda ni santuri. Akanitazama kama mtu anayeambiwa kuwa hajui sauti ya mtoto wake. Nyanya nilizonunua nilizisahau palepale juu ya meza. Nimerudi nyumbani na gitaa halijatengenezwa.

Jumapili, 4 Mei

Nimeenda.

Nitaandika kwa utaratibu, maana sitaki kesho nijidanganye kwamba sikuona vizuri.

Nilifika alasiri, mvua ya wastani. Paa ni lilelile. Ndoo ni zilezile, zimewekwa palepale. Hakuna fundi hata mmoja, hakuna ngazi, hakuna ubao. Mlinzi akaniamkia, "Aa, Dada Besi! Leo unakuja kama mteja?" Nikaingia nikasimama nyuma, karibu na nguzo.

Watu walikuwa wengi kuliko walivyokuwa Machi. Jukwaani alikuwepo Kaka na gitaa lake, na Sauti na kipaza sauti. Basi. Pale anapokaa Mjomba pamewekwa meza, juu yake kompyuta, na fundi mitambo kakaa nyuma yake anatafuna. Pale ninaposimama mimi wameweka chungu cha maua ya plastiki.

Na mimi nilikuwa napiga. Nilisimama nyuma ya ukumbi mikono mitupu, na besi yangu inatoka kwenye spika, inanipita kifuani. Ngoma za Mjomba, tarumbeta la Shavu, wote tulikuwemo. Mwanzoni nilijiambia kwamba zinafanana tu, siku hizi kuna mashine zinaiga kila kitu. Nikashikilia hilo kwa nguvu zangu zote. Kisha wimbo ukatulia, zikabaki ngoma peke yake, na chini ya ngoma, kwa mbali, nikamsikia mwanamke anaimba besi kwa mdomo. Tum, tu-tum. Nilikuwa mimi, sikioni kwa Mjomba, nikimbembeleza apige.

Nikaikumbatia ile nguzo.

Sebene likaingia na watu wakachemka. Kaka naye akachemka, namjua anavyokunja goti akinogewa. Ulipofika wakati wa kumaliza, watu wakampigia kelele wakitaka zaidi, na yeye, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akageuka akainua shingo ya gitaa turudie. Aliielekeza kwenye maua ya plastiki. Mashine haikumwona. Muziki ukakatika pale nilipoukatisha mimi mwezi wa tatu nikiwa nimefumba macho, na Kaka akabaki anakimbia peke yake na vidole vyake, uchi kabisa, ukumbi mzima unamsikia.

"Umeme!" mtu akapiga kelele. Lakini taa zilikuwa zinawaka. Watu walikuwa wamesimama vilevile walivyoachwa, wengine mikono juu. Halafu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, na fundi mitambo akaharakisha kuweka wimbo mwingine.

Kaka aliniona wakati watu wanacheka.

Tulizungumza kwenye ujia wa kwenda stoo, wakati wa mapumziko. Alianza yeye.

"Ungeniambia kama unakuja."

"Nije wapi? Si ukumbi umefungwa?"

Akaangalia chini. "Meneja alisema bendi ni kubwa, nibaki na watu wachache au tuondoke sote. Nifanyeje? Wewe ungefanyaje?"

"Ningewaambia wenzangu."

"Mngegoma, tukatoka wote. Sasa angalau mmoja wetu yuko ndani."

"Na Sauti?"

"Watu wanataka kumwona mtu anaimba. Besi hakuna anayeiangalia, mdogo wangu. Besi inasikika tu."

Alisema hivyo kwa upole, kama anavyoniambia niongeze nguo kuna baridi. Nikamuuliza kama alijua tangu siku ya stoo. Nilitaka aseme hapana. Nilimwomba Mungu kabisa aseme hapana, kwamba wazo la kututoa lilikuja baadaye, kwamba aliponishika bega alikuwa bado kaka yangu.

"Nilijua kabla ya mvua," akasema.

Sauti alipita akienda chooni. Alitusalimia sote wawili. Mimi nilimwitikia, sijui kwa nini.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mjomba. Alikuwa barazani, mvua inapiga, amekaa na magongo yake ya ngoma mapajani bila kugonga kitu. Hakunikaribisha kiti. Nikaeleza nikiwa nimesimama, kila kitu, mpaka maua ya plastiki.

"Najua," akasema. "Nilikwenda wiki ya pili. Shavu naye alikwenda."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie wewe?" Aliyaweka magongo sakafuni. "Shavu alikupigia, ukamtukana. Na mimi, nani aliyeniingiza kwenye chumba kile? Kaka yako alishindwa. Ukaja wewe ukaniimbia sikioni."

Nikaapa kwamba sikujua. Nililia, siwezi kuficha. Nikamwambia mimi ndiye nimeuzwa kuliko wote, maana ninyi amewauza bosi wenu na mimi ameniuza ndugu yangu.

"Labda hukujua," Mjomba akasema. "Nataka kuamini hivyo. Ila kila nikikuangalia naisikia ile sauti yako, na nikiisikia najiona mjinga. Nenda nyumbani, mwanangu. Si leo."

Shavu hapokei simu yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Sijala. Namchukia. Nikishamchukia vya kutosha namkumbuka akinifunga kamba za viatu niende shule, na hasira inaanza upya kuanzia mwanzo.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka kaja. Kakaa kwenye kiti cha dirishani kana kwamba hakijawahi kupoa. Mama akamwekea chai mwenyewe.

Akaanza mbali, habari za mvua, habari za magoti ya Mama. Kisha akafika. Wateja wameanza kunung'unika. Wanauliza bendi iko wapi. Meneja amekubali nirudi.

Sitaficha: moyo uliruka. Kwa kitambo kidogo nilimsamehe yote. "Na Mjomba? Na Shavu?"

"Polepole. Tuanze na wewe."

"Tutafanya mazoezi lini?"

Akazungusha kikombe. "Mazoezi hayahitajiki. Wewe utasimama tu na gitaa, watu wakuone. Besi iko tayari kwenye mashine, na kwa kweli ile ya siku ile ni nzuri mno, hakuna haja ya kuihangaisha. Hatutaunganisha waya. Unachezesha vidole tu, unatabasamu. Mshahara uleule."

Mama akanigeukia. "Kubali, mwanangu. Ndugu yako amekuhangaikia. Tangu mwezi wa nne alikuwa ananiambia anakutafutia njia ya kurudi."

"Tangu mwezi wa nne?"

Mama akajua ametoboa siri. Akashika kona ya kanga yake.

"Kwa hiyo ulijua kwamba ukumbi uko wazi, Mama. Nakaa hapa nagonga meza, na wewe unajua."

"Aliniambia nisikwambie usije ukaumia. Ningefanyaje? Wote ni wanangu."

Nilisimama nikaenda chumbani, nikarudi na gitaa langu, nikamwekea Kaka miguuni. Nikamwambia amvishe yeyote anayetaka kuonekana. Sauti, mlinzi, hata mama wa nyanya, maadamu vidole vina uwezo wa kuchezacheza. Mimi sitasimama mbele ya watu kujifanya napiga kitu alichoniibia.

"Hasira zitakutoka," akasema.

"Zikinitoka, sitabakiwa na lolote la kuhisi juu yako."

Aliliacha gitaa palepale. Aliondoka na chai haijaisha. Mama amelia mpaka amelala.

Jumapili, 18 Mei

Sijakwenda ukumbini. Mvua imepiga asubuhi tu.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefika hoteli ya karibu na stesheni, ile yenye baraza, kuuliza kama wanahitaji muziki siku za wikendi. Msimamizi alinisikiliza vizuri, kijana mwenye tai. "Mnakuja na mashine au na watu?"

Nikasema na watu. Akaandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi, akasema atanipigia. Watu gani, sijui. Mjomba alinitumia ujumbe jana, salamu tu, hajambo, natumaini hujambo. Nimeusoma mara nyingi sana.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi nimeanika magodoro nje, nimefungua madirisha yote. Mama alikaa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, hatuzungumzi sana siku hizi, tunapeana vitu na kusema asante.

Simu yangu ililia juu ya meza. Kaka. Nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Leo ni Jumapili, alikuwa anakaribia kutoka kwenda ukumbini, na kwa kawaida saa kama hiyo angekuwa ananiuliza kama nimekumbuka nyuzi za akiba.

"Nani huyo anayekupigia hivyo?" Mama akauliza, mikono imetulia kwenye ungo.

"Mtu niliyewahi kufanya naye kazi," nikamwambia.